Nilidhani Mmeshaona

Katika karakana nzima ya makochi hakukuwa na mkono wenye shabaha kama mkono wa Sindano. Aliweza kumsikiliza mteja, akacheka naye, akamkemea mtu aliyelaza kitambaa kinyumenyume, na wakati huohuo nyundo yake ikazamisha msumari baada ya msumari bila yeye kuitazama. Jina lile alipewa kwanza kwa sababu ya ulimi wake, lakini mikono nayo ilikuwa imelistahili. Kwa hiyo Ijumaa ile alipojigonga kidole gumba mbele ya wafanyakazi wake wote, aliona ni sawa na kupanda juu ya meza na kutangaza mambo yake kwa kipaza sauti.

Kilichotokea kilikuwa kidogo sana. Fundi Kimya, seremala wake, alikuwa anamshikia kitambaa cha kochi, amekivuta mpaka kimekaza kama ngozi ya ngoma. Kitambaa kikataka kuteleza. Kimya akasogeza mkono, vidole vyake vikaja vikalala juu ya vidole vya Sindano. Hakuviondoa upesi. Wala Sindano hakuviondoa vyake. Akainua macho, akakutana na yale macho yaliyotulia ambayo kwa muda mrefu alikuwa akiyakwepa kama mtu anavyokwepa jua la saa saba, na nyundo ikashuka bila idhini ya mwenyewe.

"Pole, bosi," alisema Kimya.

"Nimeshapoa. Vuta kitambaa."

Lakini mshonaji kule kwenye cherehani alikohoa, na Sindano akajua kile si kikohozi. Kijana mpaka rangi aliinama kufunga kamba za viatu, na Sindano akajua anaficha kicheko. Jioni alipofunga mlango wa karakana, alikuwa na hakika moja tu maishani: wote wameona.

Na jambo lenyewe lilikuwa halifai kuonekana. Miaka iliyopita, kaka yake Kimya alimchumbia dada yake Sindano. Siku ya harusi viti vilijaa, dada akavaa, na bwana harusi hakutokea. Hakutokea siku ile wala kesho yake. Tangu hapo Mama aliweka sheria: mtu wa nyumba ile asikanyage kwake. Sindano aliporithi karakana kwa baba yake na kuhitaji seremala, hakupata aliyemfikia Kimya, na Mama alikubali kwa kuuma meno. "Kazi ni kazi," alisema. "Lakini iishie hukohuko kwenye maranda."

Isitoshe, Jumapili hiyohiyo walikuwa wanakuja wageni wa posa. Mchumba alikuwa mfamasia, mtu mwenye adabu zake na suruali zilizonyooka, ambaye Sindano alikuwa amezungumza naye mara chache na hakupata kosa la kumtia. Kochi lile lilikuwa la Mama. Lilikuwa linavikwa kitambaa kipya ili wazee wa mfamasia wapate pa kukaa.

* * *

Jumamosi walilipeleka kwa pikapu. Mlango wa mbele ulikuwa mwembamba, na dereva akasema wazi kwamba mgongo wake si wa kubeba kochi la watu watatu peke yake. Hapakuwa na ujanja. Kimya alilazimika kuingia katika nyumba ya Mama kwa mara ya kwanza tangu siku ya aibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mama, akiliangalia kochi. "Wekeni pale, chini ya dirisha. Msiburute, sakafu imepigwa nta."

Sebuleni walikuwepo wanawake watatu. Mama alikaa wima kwenye kiti chake, kilemba kimefungwa kama vile wageni wangekuja leo. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuja tangu jana kusaidia maandalizi na hasa kutoa maoni. Na Dada, muuguzi, alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni, bado amevaa sare ya kazini. Kimya alipopita mbele yake aliinamisha kichwa. Dada akaitikia salamu kwa sauti isiyosikika vizuri.

Sindano akatafuta pa kuweka macho. Akiyaweka kwa Kimya, atajulikana. Akiyaondoa kabisa, atajulikana zaidi, maana nani asiyemtazama fundi wake? Akaamua kulitazama kochi. Kochi lilitulia, halafu likayumba. Mguu mmoja haukufika chini.

"Linacheza," alisema Mama.

"Sakafu ndiyo haiko sawa," alisema Kimya. "Nitalirekebisha. Ni kazi ya muda mfupi tu."

Akapiga magoti katikati ya sebule ya watu waliomkataza kukanyaga, akafungua mkoba wa zana. Dereva akaenda zake kungojea kwenye pikapu.

"Bosi, nipe nyundo."

Sindano akampa mkasi.

Kimya akautazama mkasi. Akamtazama Sindano. "Asante," alisema taratibu, akauweka chini, akaichukua nyundo mwenyewe.

Joto lilimpanda Sindano kutoka kifuani mpaka masikioni. Alimtupia jicho Shangazi, akamkuta amefunika mdomo kwa kiganja. *Ananicheka.* Akageukia upande wa pili, akamkuta Dada anamtazama yeye, kisha Kimya, kisha yeye tena.

"Kidole hicho vipi?" aliuliza Mama.

"Kipi?"

"Una vingapi vyenye plasta?"

"Nilijigonga. Kazini. Kitambaa kilikuwa kinateleza."

"Wewe? Kujigonga?" Shangazi aliongea kiganja kikiwa palepale mdomoni. "Wewe uliyepigilia misumari ukiwa na umri wa kunyonya? Mawazo hayo, mwanangu. Mtu akijigonga namna hiyo, moyo haukuwa pale ulipo mkono."

Sindano akacheka kicheko ambacho hata yeye hakukitambua. "Uchovu tu, Shangazi."

"Haya, uchovu," alisema Shangazi, akageuza uso ukutani.

Kimya alikuwa amelala chali sasa, kichwa na mabega vimeingia chini ya kochi, miguu yake mirefu imetokeza nyuma. Bisibisi ilikuwa inazunguka polepole. Sindano alijua hata bila kutazama kwamba soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na jambo hilo, Mungu amsamehe, lilimfanya atamani kulia. Mwanamke anayejua soksi za fundi wake atasingizia nini?

"Njoo jikoni mara moja," Dada alimwita.

Jikoni Dada alirudisha mlango. Akafungua bomba, akalifunga bila kunawa.

"Nina jambo," alisema. "Nimeshindwa kulisema wiki nzima. Lakini nahisi unalijua."

Moyo wa Sindano ulipiga teke. "Jambo gani, Dada?"

"Usinizunguke. Tangu mlipoingia na yule kijana nimeona unavyoniangalia. Unaniangalia kwa wasiwasi. Unajua kabisa ni kitu gani."

"Dada, mimi..."

"Na sikulaumu. Moyo hauna kufuli. Ila kesho..."

"Hebu njooni hapa nyote wawili!" Sauti ya Mama ilipenya mlango kama patasi.

Walirudi sebuleni wakifuatana kama wanafunzi waliochelewa. Mama alikuwa amesimama.

"Kaeni. Hata kama kuna mgeni nitasema, maana aibu ya nyumba hii watu wa kwao wanaijua kuliko sisi wenyewe."

Chini ya kochi bisibisi ikaacha kuzunguka.

"Kuna mtu humu ndani ananificha jambo," Mama aliendelea. "Anaingia, anatoka, anajifanya hana neno. Mimi ni mama, mtoto wangu namsoma hata akiwa amenipa mgongo. Kesho wageni wanakuja, na yeye ameshapanga lake moyoni la kunivunjia heshima mbele ya watu. Sasa sitaki kumtaja. Nataka aseme mwenyewe."

Shangazi akabana kiganja mdomoni. Dada akainamisha kichwa.

Marehemu baba alikuwa na neno lake la kazi: ukijua mshono wako ni mbovu, ufumue mwenyewe kabla mteja hajaufumua. Sindano alilikumbuka pale. Kukamatwa kama mwizi wa kuku, taa inamulikwa usoni, hakulelewa hivyo. Kama ni kutoka, angetoka kwa miguu yake.

Akasimama.

"Usinitaje, Mama. Mdomo ninao." Sauti ilitetemeka kidogo mwanzoni, halafu ikanyooka. "Ndiyo, ninampenda. Sikupanga. Sijawahi kumwambia, naye hajanikosea adabu hata siku moja. Nilijaribu kulimeza, likakataa kushuka. Mmeshaona wote, karakana nzima imeona, basi isiwe tena habari ya kukoholeana na kuziba midomo. Mimi kesho siwezi kukaa mbele ya wazee wa watu nikasema ndiyo kwa mdomo, huku uso wangu unasema jina la mwingine. Sitamfanyia mfamasia wa watu hivyo. Wala sitajifanyia mimi."

Akangoja. Alijiandaa kwa kilio, kwa laana, hata kwa kiatu.

"Unampenda nani?" aliuliza Shangazi.

"Shangazi, tafadhali. Tangu tuingie unanicheka."

"Mimi?" Shangazi aliondoa kiganja, na wote wakaona safu ya meno meupe pe, yamepangika kama vigae vipya. "Mwanangu, haya nimewekewa juzi. Yanacheza. Tangu nimefika sijamtazama mtu yeyote humu, naomba Mungu tu yasinidondokee kwenye kikombe, na nikidhani nyote mnanitazama mimi. Nakuuliza kwa nia njema: unampenda nani?"

Sindano akamgeukia Mama. Mdomo wa Mama ulikuwa wazi.

"Mimi nilikuwa namsema dada yako," alisema Mama polepole. "Mwenzake wa wodini alipita hapa asubuhi kunishukuru. Eti amekubali kumshikia zamu kesho. Siku ya wageni! Ndilo jambo nililotaka aseme."

"Nilitaka kukwambia jikoni," Dada alimwambia Sindano. "Nilidhani umeshanigundua. Siwezi kukaa kesho, Mama. Kila nikiingia mahali penye shughuli, naona watu wananiangalia na wanaliona lile gauni. Leo kijana huyu alipoingia, nilidhani nyote mnangoja kuona kama nitalia."

"Mimi sikukutazama kabisa, Dada," alisema Sindano, kichwa kinamzunguka. "Nilikuwa najificha mimi."

Basi kumbe. Chumba kizima kilikuwa kimejaa watu wanaojificha, na hakuna aliyekuwa anatafuta.

"Unampenda nani?" Mama aliuliza. Safari hii lilikuwa swali zito.

Na hapo ndipo Sindano alipoona kwamba njia bado ilikuwa wazi. Hawakujua lolote. Hajataja jina. Angeweza kucheka, akasema ni mtu wa zamani, yamekwisha, uchovu na kidole. Angeweza kukaa chini, kesho ikaja, mfamasia akaja, maisha yakaenda. Hakuna duniani aliyekuwa na ushahidi. Alikuwa amehangaika bure kwa siku mbili kuficha kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Ila sasa alishakisema kwa sauti yake mwenyewe, na alipokisikia, hakukiona kuwa cha aibu. Alikiona kuwa chake.

"Yuko chini ya kochi," alisema.

Shangazi akaketi vizuri. "Eeh," alisema. "Sasa hapo yatadondoka."

Kimya alijivuta nje polepole. Alikuwa na vumbi kwenye nywele na uzi wa kitambaa begani. Alisimama, akaweka bisibisi mezani, akaiondoa haraka alipokumbuka meza ni ya nani.

"Umemfanya nini mwanangu?" Mama aliuliza.

"Sijamfanya kitu, mama. Hata mimi nasikia leo, kama nyinyi."

"Na wewe je? Una nini moyoni?"

Kimya alimtazama Sindano, na kwa mara ya kwanza hakuna kati yao aliyekwepa. "Ninalo la kusema," alijibu. "Lakini sitalisema nikiwa nimetoka kulala sakafuni, nina vumbi kichwani. Yeye amelisema akiwa amesimama. Na mimi nataka kulisema nimesimama."

"Usijisumbue!" Mama alipasuka. "Unaijua siku ile? Mimi nilisimama mlango huu hapa. Nikawaaga wageni mmoja mmoja, nikitabasamu, na huku mtoto wangu yuko chumbani na gauni mwilini. Mtu alinishika mkono akaniambia, 'Ni bahati mbaya tu.' Bahati! Nikala kiapo. Sasa nimpeleke wa pili kwenye nyumba ileile? Watasema wale wanawake hawana pengine pa kwenda. Watasema tunaokota makombo."

"Una haki, mama," alisema Kimya. "Kaka yangu sina la kumtetea, na kumfuta siwezi. Lakini mimi si yeye."

"Damu ni damu."

"Na mimi je, Mama?" alisema Sindano. "Mimi ni damu yako. Kiburi hiki unachokiona nimekitoa wapi? Sikukiokota sokoni. Ulisimama mlangoni na kichwa juu, na mimi nilikuwa kando yako, nikasema moyoni, nikikua nitasimama hivyo. Basi leo nimesimama. Usinitake nikae."

Mama aligeuka akautazama ule mlango.

Ndipo Dada aliposogea. Alipita katikati ya sebule mpaka mbele ya Kimya, akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

"Mama," alisema bila kugeuka, "siku ile nani alituletea habari?"

"Mtu wa kwao. Simkumbuki."

"Unamkumbuka. Ulimpiga kofi."

Mama akakitazama kiganja chake.

"Wazazi wake walijifungia ndani. Wajomba walizima simu. Akaja huyu, kijana mdogo, peke yake, amevaa suti ya harusi imemlegea. Akasimama mbele ya watu wote akasema, 'Kaka yangu haji. Naomba mtusamehe.' Ukampiga kofi, na watu wakapiga makofi."

"Nilikuwa na uchungu," alisema Mama kwa sauti ndogo.

"Najua. Lakini sijamaliza. Nilikuwa dirishani. Wageni walitoka wananong'ona. Wapambaji waliondoka. Na huyu hakuondoka. Alivua koti akaanza kukusanya viti. Vyote. Akavipanga ukutani, safu kwa safu, akafagia hata maua. Hakumwomba mtu maji. Alipomaliza, akavaa koti lake akaenda."

Kimya alikuwa amekaza taya. Macho yake yaling'aa. "Nilidhani hakuna aliyeniona," alisema.

"Nilikuona. Nikiwa na lile gauni. Nikasema, kumbe kwenye nyumba ile kuna mtu." Dada akavuta pumzi. "Kabla ya siku ile ulikuwa unaniita shemeji. Tangu hapo, ukinikuta njiani, unainamisha kichwa unaniita dada. Rudisha lile jina. Safari hii labda litakaa."

Kimya alijaribu mara mbili kabla halijatoka. "Shemeji," alisema.

Dada akatabasamu, akafuta shavu kwa mgongo wa mkono, akamgeukia Mama. "Nami sitaki tena zamu ya kesho. Mwenzangu atanisamehe. Nimechoka kukimbia macho ya watu ambao pengine wanatazama meno yao tu."

"Yaache meno yangu," alisema Shangazi. "Ila kama mtaniuliza, na najua hamtaniuliza: huyu kijana nimempenda."

Mama alikaa kitini. Alifungua kilemba chake, akakifunga upya, polepole, akikaza kila pindo. Alipomaliza, sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake.

"Na wageni wa kesho?"

"Nitampigia mwenyewe," alisema Sindano. "Sasa hivi. Asiambiwe na mtu wa pembeni."

Alitoka barazani na simu. Walimsikia akisalimia, akieleza bila kuzungukazunguka, akiomba radhi. Mfamasia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeniumiza, siwezi kudanganya. Ila nakushukuru umeniambia kabla wazee hawajavaa viatu. Wengine wangeniambia baada ya watoto wawili." Alimtakia heri. Alikuwa mtu mwema, na Sindano aliporudi ndani alikuwa na machozi ambayo hakutaka kuyafuta.

Mama alikuwa bado anamtazama Kimya, kama fundi anavyotazama mbao asiyoijua.

"Wewe," alisema. "Leo umekuja hapa kama fundi, na mambo haya hayajibiwi kifundi. Kama unalo la kusema, njoo na mtu mzima wa kwenu. Mje mchana, jua limewaka, majirani wote waone mnaingia. Sitaki mtu aje kwangu kwa kunyemelea."

"Nitakuja, mama."

"Sijasema nitakubali."

"Nimesikia, mama."

"Na kaka yako abaki hukohuko alikokimbilia."

"Nimesikia."

"Haya." Mama akatazama pembeni. Kisha, kwa namna ya mtu anayelipa kitu alichokaa nacho muda mrefu mno, akasema, "Lile kofi. Lilikuwa la mtu mwingine."

Kimya akainamisha kichwa. "Lilishapoa zamani, mama."

* * *

Sindano alimsindikiza nje. Dereva alikuwa amelala kwenye usukani, mdomo wazi. Jua lilikuwa juu ya mapaa, na mtaani watu walikuwa katika shughuli zao za Jumamosi, wengine wanaosha magari, wengine wananunua vocha, wengine hawafanyi chochote kwa juhudi kubwa.

Walifika kwenye pikapu, wakasimama.

"Hukunijibu," alisema Sindano.

"Mbele ya mama yako?"

"Mama hayupo hapa."

Kimya akajikuna kichwa, vumbi likadondoka. "Bosi, kila jioni watu wakiondoka mimi nabaki kufagia maranda. Kufagia si kazi yangu. Unadhani nilikuwa nafanya nini?"

"Nilidhani unapenda usafi."

"Usafi?" Alicheka, kicheko cha mtu asiyezoea, kikatoka kwa vipande. "Siku nyingine nilikuwa nayamwaga upya ili niyafagie tena. Nilijua umeniona. Nilijua unanyamaza kwa kunistahi, usiniaibishe."

"Mimi? Nilikuwa najificha ofisini, nikidhani ukiniona usoni nimekwisha."

"Sikuona kitu, bosi. Niliona mtu mkali tu."

"Mimi ni mkali."

"Najua. Nakupenda na ukali wako. Nimelisema nimesimama, sivyo?"

"Umelisema umesimama," alikubali Sindano, na furaha ikamjaa kifuani mpaka akaona shati linambana. Hakuwahi kujisikia mrefu namna ile.

Ng'ambo ya barabara jirani yao, Mama Pacha, alikuwa anaanika nguo. Alikuwa mwanamke ambaye habari zilimfikia kabla hazijatokea. Aliweka beseni kiunoni akapaza sauti.

"Sindano! Fundi wako huyo anaondoka hata maji hamkumpa?"

Jana tu neno lile, *wako*, lingemfanya Sindano atafute shimo. Sasa alilipokea kwa mikono miwili.

"Ni wangu, jirani! Umesema kweli, ni wangu!"

"Si najua ni wako," alijibu Mama Pacha, akikung'uta shuka. "Kwani anafanya kazi kwa nani?"

Sindano akamtazama Kimya. Kimya akamtazama Sindano. Alikuwa ameitangaza siri yake barabarani, mchana kweupe, kwa sauti ya mnada, na bado haikumwingia mtu.

Basi akanyoosha mkono, ule wenye plasta, akaushika mkono wa seremala wake mbele ya mtaa mzima. Aliushika vizuri, kidole kwa kidole, akainua kichwa.

Beseni la Mama Pacha ndilo lililoanguka kwanza.